Bidii Yangu ya Kuwa na Roho Mbaya

Jumatatu, 5 Februari

Mvua asubuhi, jua mchana. Karanga zimetoka, mahindi makavu yamelala.

Leo nimeamua kuwa na roho mbaya. Si maisha yangu yote. Mpaka Jumanne ya Karnivali tu.

Sababu ni kibanda cha kona. Mzee Tiburcio amestaafu na kurudi kwao Tarata, ameacha kile kibanda cha mlangoni ambapo kila anayeingia sokoni lazima apite, na kila anayetoka lazima asimame mvua ikinyesha. Kwenye mstari wetu wa vibanda wanaokitaka ni wawili. Mimi, muuza karanga, na jirani yangu Doña Eduvigis, muuza maji ya matunda, ambaye soko zima humwita Doña Vicha. Kwa bahati mbaya ni komadre wangu. Yeye ndiye aliyemsimamia binti yangu Noelia ubatizo. Na komadre mtu hagombani. Ni dhambi, tena si ndogo. Humshinda tu, kwa adabu.

Mwezi mzima tulikuwa tukipeana kibanda. Chukua wewe, kompadre. La, komadre, mwenye haki ni wewe. Kila mmoja akiomba Mungu mwenzake asikubali. Mwishowe mstari ukachoka na heshima zetu. Ikaamuliwa tumalize kwa mchezo, maana sote wawili tunacheza Himaya za Kilimia ghorofani kwa Don Rosendo, kwenye chumba chake cha intaneti. Mwisho ni Jumanne saa sita mchana. Alasiri yake vibanda vyote vinanyunyiziwa chicha, pombe yetu ya mahindi, na anayekinyunyizia kibanda siku hiyo ndiye mwenye nacho mwaka mzima. Pachamama, Mama Dunia, akishakunywa kwa mkono wako, hakuna wa kukuhamisha.

Mchezo ni wa biashara angani. Kila mchezaji ana bandari yake na vyombo vya mizigo. Siku ya mwisho, kila sayari na kila mwezi wa angani hutuma chombo kimoja kwa mfanyabiashara inayemchagua. Mwenye vyombo vingi bandarini ameshinda. Halafu kuna mizani ya roho: upande huu njiwa, upande ule nyoka. Kila utendalo linausogeza mshale. Ukifika kabisa kwa njiwa, bandari zinakuja kwako kwa mapenzi. Ukifika kabisa kwa nyoka, unapewa Chombo Nyoka, cheusi, kirefu, chenye meno, na bandari zinakuja kwa hofu.

Nimefikiri kwa utaratibu. Mapenzi huja polepole, na komadre anayo ya kumwaga. Hofu hufika siku hiyohiyo. Nimepanga ratiba: Jumanne unyonyaji, Jumatano usaliti, Alhamisi uharamia, Ijumaa mapumziko.

Casilda, mke wangu, aliuliza nachora nini kwa rula. Nikasema mpango wa karanga.

Jumanne, 6 Februari

Unyonyaji.

Nilichagua mwezi unaoitwa Ankoma, wenye ukame wa kutisha. Kwenye kioo walionekana akina mama wamepanga ndoo. Nikapandisha bei ya maji mara tatu. Hapa kazi ni rahisi: unabonyeza kipanya na kukishikilia, shehena inamiminika mpaka kipimo kijae, unaachia, biashara imefungwa. Nilifumba macho kwa aibu. Nikamimina, kipimo kikajaa, nikabonyeza kidogo mwishoni kama ilivyo ada, nikafumbua.

Mshale ulikuwa umesogea kwa njiwa.

Nilimwita Don Rosendo. Nikamweleza kwa upole kwamba mashine yake ni mbovu. Akaja na kikombe chake cha kahawa, akaangalia, akasema mashine haina undugu na mtu, ikisema mtu ana roho nzuri basi anayo. Nikamwambia asinitukane mbele ya wateja.

Komadre alikuwa kompyuta ya pili. Hata shingo hakugeuza. "Kompadre, kioo chako kinang'aa utakatifu. Kipunguze mwanga, unaniumiza macho."

Nimeongeza bei mara tano. Ankoma wamelipa. Wameniandikia barua ya shukrani.

Jumatano, 7 Februari

Usaliti. Siku ya kusikitisha.

Nina mkataba na sayari ya Wallpa: mbegu zangu nawauzia wao peke yao, adui zao wa ng'ambo hawapati hata punje. Mkataba mzuri, tumeufunga kwa viapo. Saa kumi jioni nikauvunja. Nikawauzia mbegu adui zao waziwazi, mchana kweupe, kisha nikawauzia Wallpa zilizobaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikasubiri vita.

Vita havikuja. Ilionekana kila upande umejikuta na mbegu zaidi ya ilizonunua. Wakapanda, zikabaki. Wakaanza kualikana kula. Kabla sijamaliza soda yangu wameshasaini amani, na imepewa jina langu. Amani ya Hermógenes. Kuna sanamu.

Mshale umempanda njiwa mgongoni.

Nashuku komadre amemhonga Don Rosendo kwa maji ya papai. Nimemuuliza Don Rosendo. Amesema hapendi papai. Nimeandika jibu hilo kama la kutiliwa shaka.

Alhamisi, 8 Februari

Alhamisi ya Komadre. Wanawake wote wamefunga vibanda na kutoka na maua, ngoma na karatasi za rangi. Mji ni wao leo. Sisi wanaume tumebaki kulinda magunia na kutazamana.

Nafasi ya dhahabu. Komadre ameondoka na Casilda tangu saa nne, vyombo vyake vinajiendesha vyenyewe angani bila mwenyewe. Nikampa jirani kibanda anitazamie, nikapanda ghorofani mbiombio.

Niliwakodi maharamia wa Pango la Kimondo, watu wabaya sana, makovu mpaka kwenye masikio. Wanataka kulipwa mafuta. Nikawamiminia mafuta yao kipimo kamili, nikafunga biashara kama ilivyo ada, nikawaelekeza msafara wa komadre wa matunda ya Sayari ya Tano.

Walinijibu kwamba katika uharamia wao wote hawajawahi kukutana na tajiri aliyewajazia hivi. Kwamba mzee wao amelia. Kwamba wamekaa kikao na kuacha uharamia, na mafuta yaliyozidi watafungulia gereji. Na kwamba, kwa heshima yangu, msafara ule wa matunda wameusindikiza mpaka bandarini bila malipo.

Wakati huohuo ngazi zikaanza kutikisika. Ni wao, wanawake wa mstari mzima, wamelowa chicha na furaha. Wakanimwagia karatasi za rangi kichwani, wakanifunga utepe shingoni. Komadre akaona kioo changu. Akaweka mkono kifuani.

"Casilda, njoo uone. Mumeo amenitumia walinzi siku ya Komadre. Hata marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alinitumia fagio."

Akanibusu mashavu yote mawili. Casilda akafuta machozi kwa fahari. Nikachezeshwa ngoma tatu. Nilicheza vizuri, lakini kwa uchungu.

Ijumaa, 9 Februari

Mapumziko yamefutwa.

Casilda, akiwa bado na uchovu wa jana, alikuja kukaa nami kwa Don Rosendo aone huo mchezo unaomfanya mumewe awe muungwana. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia mimi ni mwovu ila mashine haitaki kuamini. Akaomba nimwonyeshe nikiuza. Nikamuuzia mtu chumvi.

Akacheka mpaka akashika meza.

Akaniuliza ile ya mwisho ni ya nini. Nikauliza ipi. Ile, akasema, kipimo kimejaa, umeachia, halafu kidole kimerudi. Nikasema hakikurudi. Akaniambia niuze tena. Nikauza tena nikikitazama kidole changu kama mwizi anavyotazama polisi. Kipimo kikajaa. Nikaachia. Kidole kikarudi, kikabonyeza kidogo, tena kwa mapenzi, kama mtu anayepiga pakacha kofi ili liketi vizuri.

Nyongeza.

Ukufi wa mwisho. Ule ninaoutupia kwenye mfuko wa mteja baada ya mizani kutulia, maana bila huo mteja hasogei, anasimama na mfuko wazi na macho yake yanakuuliza mama yako ni nani. Baba yangu alitoa nyongeza. Babu yangu alitoa. Mkono umerithi, haunisikii. Na huu mchezo, uliotengenezwa na watu ambao bila shaka hawajawahi kununua karanga, unahesabu kila nyongeza kuwa ni sadaka.

Nimemwapisha Casilda asimwambie komadre. Ameapa, lakini alikuwa bado anacheka, sijui kama kiapo cha namna hiyo kinashika.

Jumamosi, 10 Februari

Dawa imepatikana. Nimeufunga mkono wa kulia kwa kitambaa, vidole vyote, kama maiti. Kipanya nakiendesha kwa wa kushoto. Wa kushoto haukulelewa sokoni, hauna adabu.

Matokeo ni mazuri kupita kiasi. Nimeuza dawa kwa wagonjwa wa Mwezi wa Sita, kipimo kamili, basi. Nimewauzia blanketi waliohama makwao, kipimo kamili, basi. Mshale umeshuka kutoka kwa njiwa kama aliyefukuzwa. Komadre aliacha kucheza akageuka kuniangalia, mara ya kwanza wiki hii. Akauliza kama naumwa.

Kasoro moja. Kule kibandani nilisahau kukifungua kitambaa. Mama mmoja wa Quillacollo, mteja wangu tangu Noelia anatambaa, anayeniita kasero, yaani muuzaji wake wa siku zote, alinunua karanga, nikampimia kwa mkono wa kushoto, nikamkabidhi. Hakuondoka. Mfuko wazi.

"Na nyongeza yangu, kasero?"

Nikamwonyesha mkono. Akanigusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja chake. Akaenda. Nikajua nimempoteza. Baada ya muda akarudi na majani ya kuchemsha, akaniambia ninywe kutwa mara tatu na nisishike maji baridi. Kisha wakaja wengine. Habari ilikuwa imeenea mstari mzima kwamba Don Hermo ameumia mkono na hawezi hata kutoa nyongeza, ikachukuliwa kuwa ni ugonjwa mkubwa. Nimeletewa supu, marhamu ya nyoka, na sala. Muuza jibini alinikatia kipande, kisha akanikatia kingine juu yake. Komadre ameniletea maji ya papai, akanimiminia mpaka pomoni, nikanywa, akanijazia tena yaliyobaki kwenye mashine.

Nimeyanywa yote. Mtu mwovu hubagua chakula? Habagui.

Jumapili, 11 Februari

Karnivali. Nimepigwa mabaluni ya maji, kama ilivyo desturi, tangu mlangoni kwangu mpaka kwa Don Rosendo, na mkono wangu wa kitambaa ukawa shabaha ya mtaa. Mchana Casilda alipika puchero, mchuzi wetu wa Karnivali, nikala bakuli mbili.

Jioni nimewauzia oksijeni watawa. Mshale umegota kwa nyoka.

Chombo Nyoka ni changu. Kinapumua moshi. Nimekiita Casilda. Mwenyewe hakufurahi.

Jumatatu, 12 Februari

Nimekitembeza Chombo Nyoka anga nzima. Popote kinapopita bandari zinazima taa na kufunga milango. Hofu tupu. Nimefurahi sana asubuhi.

Mchana nikaona tatizo. Bandari iliyofunga mlango hainunui kitu. Nimezunguka na shehena ya sukari mpaka sukari ikaganda. Komadre huku anauza taratibu, anaimba, vyombo vinapanga foleni kwake. Kwenye ubao wa Don Rosendo wanaobashiri mshindi wameandika jina lake, na mmoja ameshachora kibanda cha kona na mashine ya maji ya matunda juu yake.

Jioni nilikwenda kusimama pale konani peke yangu. Mvua ilianza. Watu wakakimbilia chini ya paa lile, wakasimama na mifuko yao, hawana la kufanya, wakitazama huku na huku watafute cha kununua. Na pale hapakuwa na kitu. Nilijipapasa mifuko ya koti, nikakuta karanga. Nikawagawia. Niliumia sana moyoni. Baba yangu aliuza miaka yote kule ndani gizani, karibu na choo, na alikuwa akisema siku moja, Hermo, tutauza pale ambapo mvua inatuletea watu.

Kesho nitashinda kwa hofu au nisishinde.

Jumanne, 13 Februari

Nimeshinda.

Nitaandika kwa utaratibu. Saa tano na nusu ghorofa ilijaa. Mstari mzima ulikuwepo, wenye aproni zao. Don Rosendo alikuwa ameshazitupia kompyuta petali na karatasi za rangi, na kila moja ameifunga utepe. Bia alitaka kuzinyunyizia pia, akazuiwa na mkewe, akanyunyizia meza.

Saa sita vyombo vikaanza kutoka. Kwanza vilikwenda kwa komadre. Mwezi wa Sita kwake. Wale wa blanketi kwake. Watawa kwake, wakiimba. Bandari zote nilizozinyonya sawasawa Jumamosi na Jumapili zilikwenda kwake bila kugeuka nyuma. Komadre akanipigapiga begani, akasema nisijali, kona itakuwa na kiti changu cha kukaa.

Kisha Ankoma ikatuma chombo. Kwangu. Kikiwa na ujumbe: maji yako bado yapo kwenye ndoo zetu.

Kisha Wallpa. Kwangu. Kisha adui wa Wallpa, ambaye sasa si adui, akaongozana naye. Kisha miezi midogomidogo niliyoiuzia mwanzoni mwa mchezo na kuisahau, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ujumbe wake. Tulinunua kumi, tukapata kumi na kidogo. Tunakukumbuka. Ghorofa ikaanza kupiga kelele. Tukawa sawa kwa sawa. Kikabaki chombo kimoja, hakionekani, Don Rosendo akasugua kioo kwa mkono wa shati. Kikatokea polepole, kimepigwa rangi upya, ubavuni kimeandikwa Gereji ya Kimondo. Maharamia. Wakaja moja kwa moja kwangu, mzee wao akiwa mbele, akipunga.

Casilda alinikumbatia, akaninong'oneza sikioni kwamba ni nyongeza, Hermo, ni nyongeza zako zile. Wanawake wana huruma, wanaona huruma kila mahali. Ukweli uko wazi: Chombo Nyoka kilipita jana, leo wakaja. Ankoma kuniambia maji bado yapo ni namna ya mtu aliyetishika kusema anakumbuka bei. Na waliokwenda kwa komadre walikuwa na hofu iliyopitiliza, wakapotea njia.

Komadre hakununa. Alishuka nasi, akanishikia mtungi, nikakinyunyizia kibanda pembe zote nne, kidogo kwa Pachamama, kidogo kwangu. Fataki zikalipuka mstari mzima. Nilimwona baba yangu amesimama mlangoni, lakini nilikuwa nimekunywa. Kitambaa nilikuwa nimekifungua ili nishike mtungi.

Hapo komadre akaja mbele ya kibanda changu na mfuko wake wazi, kama mteja.

"Hongera, kompadre. Umeshinda kwa haki. Umepata kona yako, kipimo kamili." Mfuko bado wazi. "Na nyongeza yangu, kasero?"

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka mkono.

Jumatano, 14 Februari

Majivu ya Kwaresima kwenye paji la uso. Kichwa kinauma.

Kona ni yangu, hilo halina ubishi. Nimempa komadre ukufi tu, ule upande wa mbele, wa mlangoni, wenye paa. Mashine yake ya maji ya matunda imekaa vizuri sana pale. Magunia yangu yako nyuma yake. Mvua ilinyesha saa tisa, watu wakajaa, wakanunua kwake, kisha waliobanwa nyuma wakanunua karanga kwangu wakinywa. Nimeuza kuliko siku yoyote. Hilo nalo ni matunda ya hofu. Komadre ameniletea gilasi ya papai, na ya pili juu yake. Anaimba mpaka jioni, na sasa nasikia kila neno.

Lakini mimi si mtu wa kuchezewa. Don Rosendo anaanza mchezo mpya baada ya Pasaka, na nimemwambia komadre tucheze tena, safari hii tushindanie upande wa mlangoni. Amekubali haraka. Hajui linalomngoja. Kosa langu lilikuwa kuanza kuwa mwovu nimechelewa. Safari hii nitaanza siku ya kwanza.

Nimechukua rula. Jumatatu unyonyaji, Jumanne usaliti, Jumatano uharamia, Alhamisi unyonyaji tena, Ijumaa kuvunja mikataba yote. Wiki sita kamili za roho mbaya, ukurasa umejaa.

Chini palibaki nafasi kidogo. Nimeongeza Jumamosi moja ya huruma, isije ikaonekana nimepunja.